Tangi la mbuna nyanda za juu kusini: dalili na vyanzo vyake

Watu wengi wakisikia tangi la miamba nyumbani huwaza matumbawe ya bahari na chumvi ya kuagiza. Sisi wa Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa tuna miamba yetu, ni kuteremka barabara tu: ukanda wa mawe wa Ziwa Nyasa, kuanzia Matema kwenda kusini chini ya milima ya Livingstone. Huko wanaishi mbuna, samaki wadogo wa bluu, wa njano na wa mistari, ambao kwa rangi hawana cha kuwaonea wivu samaki wa baharini.

Ugumu ni kuwapandisha huku juu. Ziwa lipo mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake yana joto la nyuzi 23 hadi 28, na pH yake, yaani kipimo cha asidi (chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni kinyume chake), ni kati ya 7.7 na 8.6. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi. Tunamleta samaki kwenye hewa nyepesi, usiku wa baridi na maji laini ya chemchemi za milimani. Karibu kila tatizo ninaloulizwa linatokana na moja ya hayo matatu, au ni tangi lililojazwa samaki kabla halijakomaa. Kwa hiyo ukiona dalili, dawa iwe ya mwisho. Anza na kipimajoto, kisha vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitrati, pH na KH (kiasi cha kaboneti majini). Vile vya karatasi hupata unyevu na kusema uongo, sivipendekezi.

Mfano wangu hapa ni tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 50, yaani lita 450. Ukishaweka mawe na mchanga, maji halisi yanabaki lita 370 hadi 390. Dozi zote zihesabie kwenye maji halisi, si kwenye ukubwa wa kioo.

Samaki wamejazana juu, wanahema

Tazama ni saa ngapi. Kama wanahema alfajiri kisha hali inatulia kadiri mchana unavyokwenda, ni upungufu wa oksijeni. Usiku mwani nao unatumia oksijeni badala ya kuitoa, na sisi tayari tunaanza na kidogo: maji ya nyuzi 25 pwani hubeba miligramu 8.2 hivi za oksijeni kwa lita, lakini Mbeya ni kama 6.7. Idadi ya samaki ambayo mtu wa Dar anaimudu bila shida, hapa inakuwa msongamano.

Tiba yake ni kuuvuruga uso wa maji. Elekeza mdomo wa pampu juu hadi maji yacheze, weka mawe ya hewa mawili (vijiwe vya pampu ya hewa vinavyotoa viputo), moja kila upande, na ondoa utando wa mafuta kwa karatasi ya jikoni. Angalia pia mfuniko. Wakati wa kipupwe watu hufunika tangi lote kwa nailoni ili kutunza joto, na hapo ndipo hewa inapokosa njia. Acha uwazi wa vidole viwili.

Kama wanahema mchana na usiku, fungua macho kwenye matamvua. Yakiwa mekundu ya kuwasha, pima amonia. Yakiwa ya rangi ya kahawia, pima nitriti, kwa sababu nitriti huiharibu damu isibebe oksijeni hata kama maji yana hewa ya kutosha. Katika hali hiyo jiwe la hewa peke yake halitaokoa kitu.

Samaki wanakufa mmoja mmoja, tangi lina wiki mbili au tatu

Hili ndilo linaloua wengi kuliko yote, na ndilo linaloitwa ugonjwa mara nyingi zaidi.

Samaki hutoa amonia kwa kinyesi na kwa matamvua. Katika tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye chujio, mchanga na mawe huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni nafuu na huondolewa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao. Katika joto la nyuzi 26 hadi 28 wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga. Katika tangi la nyuzi 20 wanajivuta, na unaweza kusubiri kwa miezi.

Kwa mbuna kuna jambo la ziada. Amonia ina sura mbili majini, yenye sumu kali na isiyo kali, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo wake. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, chini ya asilimia 1 ndiyo yenye sumu kali. pH ikifika 8.5, inakuwa kama asilimia 15. Maji yanayomfaa mbuna ndiyo hayohayo yanayoifanya amonia iwe kali. Kipimo cha amonia kinachoonyesha miligramu 1 kwa lita ambacho perege kwenye maji laini angekivumilia kwa siku kadhaa, mbuna kinamchoma.

Kama samaki wameshaingia: acha kulisha kwa siku tatu, badilisha nusu ya maji leo na theluthi kesho, kisha endelea kupima kila siku. Nitriti ikiwepo, weka chumvi ya mezani gramu 1 kwa lita. Kloridi ya chumvi huizuia nitriti isipite kwenye matamvua. Usioshe chujio, hata likichukiza kulitazama.

Kama samaki hawajaingia, una bahati, tulia. Washa hita iwe nyuzi 27, washa pampu, weka chembe za chakula kila siku kana kwamba samaki wamo. Ukiwa na rafiki mwenye tangi lenye afya, omba akamulie sponji yake chafu ndani ya tangi lako. Ule uchafu wa kahawia ni mali. Ndani ya chujio tumia mawe mepesi ya volkano, yale yenye vitundu yanayopatikana tele upande wa Rungwe. Vunja vipande vya ukubwa wa kunde hadi wa karanga, osha vumbi litoke, loweka hadi vizame. Bakteria wanapata makazi mengi humo kuliko kwenye vifaa vingi vya kununua, na ni bure. Tangi liko tayari siku amonia na nitriti zote zinasoma sifuri huku nitrati ikipanda, si siku maji yanapopendeza machoni.

Maji yamebadilika rangi

Meupe kama yaliyochanganywa maziwa, tangi likiwa jipya: ni bakteria wanaoelea, yataondoka yenyewe. Punguza chakula, usibadilishe maji kwa hofu. Utando wa kahawia juu ya mawe na kioo: ni mwani wa mwanzo, hupungua tangi likikomaa, na mbuna wenyewe wataulamba. Maji ya kijani: tangi linapigwa na jua la dirishani, au nitrati imepanda. Weka pazia, taa isizidi saa nane kwa siku, badilisha maji. Mwani wa kijani ulioshika mawe uache, hicho ni chakula chao.

pH inashuka kila wiki, samaki wamepauka

Maji mengi ya milimani kwetu ni laini. Yana kaboneti kidogo, kwa hiyo hayana cha kupambana na asidi inayozalishwa na chujio lenyewe. Pima KH. Ikiwa chini ya 4, pH haiwezi kusimama. Lenga 6 hadi 8.

Njia ya haraka ni bekingi soda. Kila gramu 3 katika lita 100 hupandisha KH kwa digrii 1. Kwa maji halisi ya lita 380 ni gramu 11 hadi 12, yaani vijiko viwili vya chai na robo hivi, vilivyosawazishwa. Yeyusha kwenye jagi, mwaga taratibu mbele ya pampu, na usizidishe digrii 1 kwa siku samaki wakiwemo. Soma pakiti vizuri: bekingi pauda ina asidi na wanga, haifai kabisa. Magadi ya kulainishia maharage nayo yaache, yanarusha pH juu mno na kwa ghafla, na usafi wake haujulikani.

Njia ya kudumu ni jiwe la chokaa. Upande wa Songwe lipo jingi. Chukua jiwe kavu, likwangue kwa msumari, dondoshea siki juu ya mkwaruzo, kisha lisogeze karibu na sikio. Likiwa la chokaa utaona povu dogo linachemka na kusikia mlio mwembamba. Jiwe jeusi la volkano litakaa kimya. Ponda la chokaa kiasi cha bakuli mbili, weka kwenye mfuko wa neti ndani ya chujio. Linayeyuka polepole maji yanapoelekea asidi na hupunguza kasi lenyewe pH ikikaribia 8. Jiwe lolote lenye mng'ao wa madini au kutu liache hukohuko.

Samaki wametulia chini, mapezi yamekunjwa, hawana hamu ya kula

Soma kipimajoto saa kumi na moja alfajiri, si saa nane mchana. Juni na Julai usiku wa Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe ni zaidi. Tangi linalosoma 25 mchana linaweza kuwa 20 kabla ya jua kuchomoza, na huo mpando na mshuko wa kila siku unachosha samaki kuliko baridi iliyotulia.

Kwa lita 450 nashauri hita mbili za wati 300, moja kila mwisho wa tangi, si moja kubwa. Kirekebishi joto cha moja kikigoma kikiwa kimezimika, nyingine inashikilia. Kikigoma kikiwa kimewaka, hita moja haina nguvu ya kuwapika samaki haraka kabla hujagundua. Bandika shiti la thermokoli (povu gumu jeupe la kufungashia vifaa) la sentimita 2 au 3 nyuma, pembeni na chini ya tangi. Chumba usikipashe kwa jiko la mkaa huku madirisha yamefungwa. Hewa ile inaua watu, na kila mwaka watu wanalia kwa sababu yake.

Baridi nyingine huja na ndoo. Maji ya bomba ya nyuzi 15 ukiyamimina theluthi ya tangi, unalishusha nyuzi 3 kwa mkupuo. Kwa kila ndoo ya lita 20, lita mbili na nusu kati yake ziwe za maji yaliyotoka kuchemka. Hapo utapata kama nyuzi 25. Hakikisha kwa kipimajoto, mkono unadanganya. Maji yenye harufu ya dawa yaache ndani ya pipa wazi siku nzima huku jiwe la hewa likifanya kazi ndipo uyatumie.

Ukiona vidoa vyeupe vya ukubwa wa chembe ya chumvi kwenye mapezi na samaki wanajikwaruza kwenye mawe, hapo kweli kuna mdudu, na mara nyingi ameingia baada ya baridi kuwadhoofisha. Pandisha joto taratibu, ndani ya siku mbili, hadi nyuzi 29 au 30, weka chumvi gramu 2 kwa lita, ongeza mawe ya hewa kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo zaidi, na shikilia hivyo siku 10 hadi 14. Usikatishe vidoa vinapopotea. Mdudu bado yupo mchangani akizaliana.

Umeme umekatika, na baada ya kurudi samaki wanaumwa

Lita 400 za maji hazipoi haraka, kwa hiyo baridi siyo hofu ya kwanza. Hofu ya kwanza ni hewa. Pampu ndogo ya hewa ya betri iwe karibu na tangi, na kama una inveta, ipe pampu ya hewa kwanza, hita baadaye. Zungushia blanketi, usilishe.

Kinachowashangaza wengi hutokea umeme ukirudi. Chujio la mkebe lililofungwa likikaa bila mzunguko kwa saa kadhaa, bakteria waliomo hukosa oksijeni na kufa, na pampu ikiwaka tu, maji yote mabovu yanasukumwa ndani ya tangi. Kama umeme ulikosekana zaidi ya saa tatu au nne, chomoa chujio hilo, mwaga maji yake, suuza mawe yake kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kwa sehemu ambazo umeme unayumba, machujio makubwa ya sponji yanayoendeshwa kwa hewa yanafaa zaidi, hata kama hayapendezi.

Tumbo limevimba, hali, kinyesi cheupe na kirefu

Hii inawapata mbuna sana na inaua ndani ya siku chache. Chakula kina mkono mkubwa hapa. Mbuna ameumbwa kukwangua mwani mawe kutwa, na utumbo wake ni mrefu. Ukimpa dagaa, moyo wa ng'ombe au usipa kila siku kwa sababu Kyela wapo wengi, utumbo unagoma. Chakula chake cha kila siku kiwe cha spirulina (aina ya mwani uliokaushwa), pamoja na mchicha uliochemshwa kidogo au njegere zilizomenywa. Kiasi ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili.

Mgonjwa mtenge kwenye tangi dogo lenye hita na hewa. Dawa ya metronidazole hutumika kwa kiasi cha miligramu 250 kwa kila lita 40, unabadilisha robo ya maji na kurudia dozi kila baada ya saa 48, mara tatu hivi. Inafanya kazi zaidi ukiwahi, kabla samaki hajaacha kula kabisa. Akishaanza kusimamisha magamba, uwezekano ni mdogo mno. Waliobaki kwenye tangi kubwa wapumzishe kula siku mbili, pima nitrati, na tazama nani anamwonea nani, maana samaki anayefukuzwa kutwa ndiye wa kwanza kuvimba.

Jike hali, koo limetuna, amejitenga

Huyu si mgonjwa, tafadhali usimpe dawa. Mkaribie kwa utulivu upande wa taa: mdomo umefungwa, kidevu kimeshuka, na kila baada ya muda anatafuna polepole bila chakula. Anayageuza mayai. Mbuna huatamia mdomoni, kwa kawaida kama wiki tatu, na muda wote huo hali au anadonoa kidogo sana. Akisumbuliwa atayameza au kuyatema. Mpe pango na amani. Vyungu vidogo vya Wakisi wa Ikombe, vile visivyopakwa rangi, ni maficho mazuri: loweka siku kadhaa, vunja mdomo uwe wa kuingia samaki mmoja, laza ubavu.

Mapezi yameraruka, mmoja amejificha kona ya juu

Ni ugomvi. Mbuna dume hulinda jiwe lake kwa nguvu, na jinsi ya kumpoza inaonekana kinyume cha akili: ni kuwa na samaki wa kutosha ili hasira zake zigawanyike. Katika tangi hili, samaki 20 hadi 25 wa aina nne hivi ni idadi ninayoipenda, dume mmoja kwa majike watatu au wanne, na aina zisifanane rangi. Labidochromis caeruleus wa njano ni mpole, wa kuanzia. Melanochromis auratus mwache kabisa kwenye tangi la mchanganyiko. Ni mdogo na mzuri wa macho, ila dume akikua anawamaliza wenzake.

Kabla ya kuingiza mgeni, zima taa na pangua mawe yote uyapange upya. Kila mwenye nyumba anakuwa mgeni. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, juu ya karatasi nene ya plastiki, ndipo mchanga ufuate. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba chini yake na rundo litaporomoka, na kwetu bonde la ufa halikosi mtikisiko wa kulisaidia kuporomoka.

Samaki wapya wamefika hoi kutoka ziwani

Kabla ya kuvua au kununua, anza kwa afisa uvuvi wa wilaya, ujue kibali gani kinahitajika. Kisha safari. Samaki wasile siku moja au mbili kabla. Mfuko usijazwe hewa hadi ukakamae, maana kutoka ufukweni hadi Mbeya hewa iliyomo inatanuka kwa karibu sehemu moja ya sita, na mfuko uliokaza hupasuka njiani. Weka mifuko ndani ya boksi la thermokoli. Tukuyu hadi Uyole kuna baridi.

Samaki anayeelea ubavu na tumbo gumu mara tu baada ya kuvuliwa alipandishwa haraka kutoka kwenye kina, kibofu chake cha hewa kimetanuka. Huyo si wa kununua.

Ukifika, acha mfuko uelee tangini dakika 20 ili joto lilingane. Kama safari ilikuwa ndefu, usikae saa mbili ukidondoshea maji ya tangi. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa ukaa imeshusha pH na kuituliza amonia. Ukifungua, hewa ukaa inatoka, pH inapanda na amonia inageuka kali palepale. Linganisha joto, mtoe kwa wavu, mwingize kwenye tangi la karantini, maji ya mfuko mwaga nje. Akae huko wiki tatu. Na samaki usiyemtaka usimwachie mtoni wala ziwani, hata kama ni kulekule alikotoka.

Wote wamekufa au wanatetemeka kwa pamoja, jana walikuwa wazima

Ugonjwa hauui tangi zima usiku mmoja. Uliza nani alipuliza dawa ya mbu au ya mende. Sumu za aina hiyo ni kali sana kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na pampu ya hewa huivuta kutoka chumbani na kuisukuma majini. Uliza pia kama mtu aliingiza mkono wenye sabuni, au ndoo ya tangi ilitumika kufulia. Badilisha nusu ya maji mara moja kwa maji yaliyopashwa joto, weka mkaa wa kuchujia kwenye chujio, hamishia pampu ya hewa chumba kingine kwa mpira mrefu, fungua madirisha. Baada ya saa sita badilisha theluthi nyingine, na waliobaki usiwalishe hadi waogelee sawasawa. Ndoo ya tangi iandike kwa rangi isiyofutika, na nyumba nzima iijue.